Kabla Hujaiita Vinteji, Uliza Ilikuwa ya Nani

Wiki mbili kabla ya Idi ya Arafa mwaka jana, nilipanga dirisha la butiki ya eedo yangu hapa Garissa. Wale mnaonifuata mnalijua dirisha hilo, kwa sababu video yake ndiyo iliyopata likes nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuweka. Nilisimamisha sanamu mbili. Moja niliivisha abaya nyeusi ya Dubai, ya mawe mikononi. Ya pili niliivisha guntiino ya zamani, nyekundu yenye mistari ya manjano, kitambaa kizito cha kufumwa kwa mkono. Chini nikaweka chetezo, mkeka na kibuyu cha maziwa. Nikaandika: vinteji ya Kisomali, Idi kabariki.

Guntiino yenyewe eedo aliitoa kwenye sanduku la bati la ayeeyo, mama yake. Ilikuwa chini kabisa, imekunjwa ndani ya gazeti. Ayeeyo alikuwa Masalani kwa mjomba wangu, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza. Nguo kuukuu tu, si ndio? Eedo alisema itavuta macho, watu wakiingia watanunua abaya.

Siku ya nne akaingia dada mmoja kutoka Nairobi, mpole, mwenye macho ya nguo. Aliishika ile guntiino, akaigeuza upande wa ndani, akauliza bei. Eedo alisema haiuzwi. Dada akasema elfu tatu na mia tano. Eedo akanitazama. Mimi, na hapa ndipo ninapoona aibu, nikainua mabega. M-Pesa ikaingia, nguo ikaondoka kwenye mfuko wa karatasi.

Ayeeyo alirudi siku mbili kabla ya Idi. Alipita dukani, akakaa kwenye kiti chake, akanywa chai. Kisha akaniambia mjukuu wake mdogo alimwonyesha kwenye simu guntiino yake imevaliwa na mtu asiye na kichwa. Akauliza, iko wapi?

Nitarudi hapo. Ila kwanza wacha tuzungumze kuhusu hili neno vinteji, kwa sababu nimelitumia sana na nadhani nimelitumia vibaya.

Vinteji ni neno la watu wenye makabati. Ulaya na Marekani mtu akifa, kabati lake linafunguliwa, nguo zinatolewa, zingine zinauzwa duka la hisani, zingine zinafungwa kwenye marobota na kupakiwa melini. Tanzania nguo hizo ziliitwa kafa Ulaya, na jina hilo linasema kila kitu: kuna mtu kafa huko, ndiyo maana hapa umepata koti. Sisi Kenya tunasema mitumba. Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba ikaingia kila mji, na Gikomba ikawa chuo kikuu chake. Ukikata robota, nguo za juu kabisa ni kamera, zinachukuliwa na wenye butiki kabla jua halijapanda. Za mwisho ni fagia, unazimwaga chini kwenye turubai watu wajichagulie. Gauni la kamera lenye kola ya miaka ya sabini likifuliwa, likapigwa pasi na kutundikwa kwenye hanga ya mbao, linaitwa vinteji na bei inapanda mara tano. Sina neno na hilo. Hiyo ni kazi na watu wanakula.

Shida yangu inaanza tunapochukua neno hilo na kulivalisha nguo za kina ayeeyo. Vinteji ya robota ni nguo iliyobaki kwa sababu zilikuwa nyingi mno. Nguo kuukuu ya Garissa ikibaki, imebaki kwa sababu nyingine kabisa. Hizo ni hadithi mbili tofauti, na dirisha langu lilizichanganya.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka wa 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Mogadishu. Aliandika kwamba mji ule ulifuma nguo zilizoitwa kwa jina lake, ambazo hazikuwa na mfano, na zilipelekwa hadi Misri na kwingineko. Yeye mwenyewe alipewa mavazi ya heshima, pamoja na kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali. Karibu miaka mia saba iliyopita! Kwa hivyo mtu akikwambia Wasomali hawakuwa na historia ya nguo, ati walivaa ngozi tu, mwambie pole pole. Wafugaji wa bara kweli walivaa ngozi. Lakini miji ya pwani ya Benadir, yaani Mogadishu, Merka na Barawa, ilikuwa na wafumaji kwa karne nyingi, na kitambaa chao cha mistari, alindi, ndicho ambacho bibi zetu wanakitambua kwa kukigusa tu, hata gizani.

Halafu ikaja merikani. Mwaka wa 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na meli za Salem zikawa zinaleta pamba ya viwanda vya Massachusetts, nguo nzito isiyopaushwa. Pwani nzima iliiita kwa jina la ilikotoka, na ikasafiri na misafara hadi kwa wafugaji wa ndani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba hiyo, viwanda vya Bombay vikapata nafasi. Kwa hiyo ile picha ya zamani tunayoipenda, mwanamke wa Kisomali wa porini na nguo nyeupe iliyofungwa begani, mara nyingi ni picha ya nguo ya kiwandani kutoka upande wa pili wa dunia. Kitambaa kilikuwa cha wageni. Namna ya kukivaa ndiyo ilikuwa yetu. Hata jina guntiino linatokana na kufunga fundo. Fundo ndilo nguo.

Na njia ya nguo hizo kuja huku Tana ilikuwaje? Wengi wetu tumesahau kwamba hadi 1925 Kismayu ilikuwa upande wetu. Jubaland yote ilikuwa chini ya koloni la Kenya, mpaka Uingereza ilipoikabidhi Italia. Mstari ukachorwa, na bandari iliyokuwa ya nyumbani ikawa ya nchi nyingine. Ngamia hawakusoma ramani, biashara iliendelea, lakini sasa kitambaa kile kile kiliweza kuitwa cha magendo.

Upande huu nao, Waingereza walikuwa wameufunga. Sheria ya 1902 iliifanya wilaya ya mpaka wa kaskazini kuwa eneo la kuingia na kutoka kwa kibali, na ile ya 1934 ikakaza zaidi. Uhuru ulipokuja, Desemba 1963, haukupita mwezi kabla hali ya hatari haijatangazwa huku kwetu. Vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki vitabuni hadi 1991. Fikiria hilo ukiwa mtu wa biashara ya nguo. Wakati Nairobi inabadilisha fasheni kila mwaka, suruali ya kengele inaingia na kutoka, hapa mtu anahesabu vizuizi vya barabarani. Duka la mjini lilikuwa na sukari, majani ya chai, mafuta ya taa na majora machache ya kitambaa kwenye rafu ya nyuma. Mwanamke alikuwa na nguo mbili, tatu akiwa na bahati. Moja mwilini, moja kwenye kamba, na moja ya Idi.

Hapo ndipo misimu ya nguo yetu ilipo. Ninapofuatilia kurasa za butiki za nje, naona wanabadilisha madirisha kwa majani ya kuanguka na theluji. Hapa theluji itatoka wapi? Robota likija na makoti ya manyoya, Garissa nzima inacheka. Sisi tuna gu na deyr, mvua zetu mbili, na jilaal, kiangazi kinachokausha hata maneno. Mvua ikinyesha vizuri mifugo inanona, soko la mifugo linachangamka, vijana wanaoa, nguo zinauzwa. Kiangazi kikizidi, hakuna dirisha la duka litakalomshawishi mtu ambaye ng'ombe wake wamelala chini. Juu ya hiyo kalenda kuna kalenda ya mwezi: harusi zinabanana Shaabani, kisha Ramadhani, kisha Idi ndogo, kisha Arafa. Na kwa sababu mwaka wa mwezi unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, Idi inazunguka misimu yote. Kuna Idi za vumbi na Idi za matope. Ayeeyo anakumbuka miaka kwa njia hiyo. Hasemi mwaka wa 1978, anasema ile Idi ya mvua niliponunuliwa nguo nyekundu.

Hiyo nguo nyekundu ndiyo niliyoivisha sanamu.

Sasa nifike Novemba 1980. Vijana wengi wanaoniandikia hawajawahi kufundishwa hili shuleni, na mimi pia sikufundishwa. Maafisa kadhaa wa serikali waliuawa hapa Garissa. Jibu la vikosi vya usalama halikuwa kumtafuta muuaji. Mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto. Watu waliuawa, wanawake walidhulumiwa, na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wazee wanaita Garissa Gubay, kuchomwa kwa Garissa. Miaka mitatu baadaye, Februari 1984, Wajir ikaona Wagalla: wanaume walipelekwa kwenye uwanja wa ndege, wakaamriwa kuvua nguo, wakakaa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika wanasema ni maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mambo haya yote kwenye ripoti yake ya 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani. Ripoti ipo. Nani kati yetu ameisoma?

Angalia nguo zinavyoingia katika hadithi hiyo. Bulla Kartasi nyumba ziliungua na kila kilichokuwa ndani. Wagalla mtu alivuliwa nguo kwanza, kabla ya kuvuliwa uhai. Ukiuliza kwa nini Garissa haina nguo za zamani, kwa nini mwenye butiki anayetaka guntiino halisi ya alindi atazunguka mitaa mitatu na arudi mikono mitupu, watu watakwambia ni kuhamahama, ni mchwa, ni mafuriko ya Tana. Yote kweli. Lakini moto pia upo.

Ayeeyo alituambia siku ile dukani, polepole, kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Alikuwa nje asubuhi ile ya moto, amevaa hiyo guntiino kwa sababu ile nyingine ilikuwa imeanikwa. Alipogeuka, moshi. Alimbeba mtoto mgongoni, akamfunga na ile ile nguo, kwa ncha aliyoilegeza kwenye fundo. Nyumba, sanduku la kwanza, mahari yake, shuka za harusi, vyote viliisha. Kilichobaki ni alichokuwa nacho mwilini. Mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja.

Mtoto huyo ni eedo.

Eedo hakuwahi kuambiwa. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mkono kwenye mdomo. Aliuza nguo iliyombeba kwa elfu tatu na mia tano, na mimi nikainua mabega. Ayeeyo hakupiga kelele. Alisema tu, "Hamkujua. Sikusema." Halafu akauliza kama tumebakisha maziwa ya chai.

Tulimtafuta yule dada kupitia namba ya M-Pesa. Alipokea simu vizuri, akasikiliza, kisha akanyamaza muda mrefu. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi ikatwe jaketi. Siku ya tatu bahasha ikafika kwa basi: kipande kilichobaki, kama mita moja, na pesa ya kurudisha ambayo eedo alikataa kuipokea. Simlaumu hata kidogo. Alinunua kitu kilichowekwa dirishani na watu wenyewe, kikiwa na maandishi ya vinteji. Alifanya kile ambacho kila mtu hufanya na vinteji.

Kuna sehemu ya pili ya historia hii, nayo ni ya kutia moyo, kwa hivyo msiniache njiani. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, wakimbizi wakavuka mpaka, kambi za Dadaab zikafunguliwa hapa kaunti yetu. Wengine walifika Nairobi, Eastleigh, wakapanga kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Kina mama walianza kuuza nguo chumbani. Usiku kitanda ni cha kulala, mchana ni meza ya biashara. Chumba kikawa duka, ghorofa ikawa soko, na kutoka hapo Eastleigh ikajaa maduka makubwa ambayo leo Kenya nzima inanunua. Jina la mji wetu ndilo lililo kwenye mlango wa hadithi hiyo, na bado tunajiona watu wa pembeni!

Mzigo wa Dubai ukarudi kwetu kupitia huko huko. Butiki ya eedo ni mjukuu wa vile vyumba. Jilbab ikaenea, abaya ikaja, na dirac ya harusi, nyepesi, ya kung'aa, na gorgorad chini na garbasaar begani, ikakaa mbele kabisa ya kila dirisha. Hata vazi ambalo wenzetu wa Nairobi na Mombasa wanaliita dera na kulivaa nyumbani, harusini na sokoni, ni dirac yetu iliyovuka Tana na kubadilisha jina kidogo. Hatujadai hata senti. Ila nakumbusha.

Kwa hivyo si kwamba napinga biashara, wala simwambii mtu afiche nguo za bibi zake sandukuni zioze. Nguo isiyoonekana nayo hufa. Ninachosema ni hiki. Tukitundika guntiino dirishani kila Idi na kila siku ya utamaduni, pamoja na kibuyu na mkeka, bila jina la mtu wala mwaka, tunamwambia mtoto anayepita kwamba zamani zetu zilikuwa pambo zuri lisilo na mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe kinauzwa. Na hapa kwetu nguo kuukuu zilizobaki ni chache mno kwa makosa ya aina hiyo. Robota la guntiino za alindi za kabla ya 1980 halitashuka kesho kutoka kwenye lori.

Sasa dukani tuna kanuni, na naomba wenye butiki wengine mziibe. Nguo ya mzee haiingii dirishani kabla mzee mwenyewe hajaulizwa. Akikubali, tunaandika kikaratasi: ilikuwa ya nani kama anataka jina litajwe, aliipata lini, wapi, kwa Idi gani. Akisema tusiandike, hatuandiki, na pengine hatutundiki. Na nguo iliyobaki moja haiuzwi, hata kama kodi ya duka imechelewa. Tunaikodisha kwa picha, mwenyewe akipenda, naye anapata fungu lake. Nguo mpya, dirac, abaya, hata mitumba ya kamera, tunauza mchana na usiku na karibuni sana.

Arafa ya mwaka huu nilipanga dirisha tena. Sanamu mbili, dirac ya kijani na abaya ya kahawia. Kile kipande cha mita moja niliuliza kama naweza kukiweka pembeni na kikaratasi chake. Ayeeyo alifikiria siku nzima. Jioni akasema hapana, bado ana kazi nacho. Kumbe eedo amepata mjukuu wa kwanza, na ayeeyo anataka mtoto afungwe nacho mgongoni, hata siku moja tu.

Kwa hiyo dirisha letu lina nafasi tupu upande wa kulia. Watu wanauliza kwa nini sijaijaza. Nawaelekeza waingie ndani, wakimkuta ayeeyo kwenye kiti chake wamsalimie kwanza, kisha wamuulize wenyewe. Na wewe unayesoma hii, kabla ya Idi ijayo, fungua sanduku la nyumbani kwenu mkiwa na mwenyewe. Uliza nguo moja moja. Andika.